Mvinje Ndani ya Karai

Jirani yangu ni fundi wa pikipiki, na kila akipata nyaya kuukuu huzichoma nyuma ya kibanda chake ili aitoe shaba iliyo ndani. Watu wa mtaa wanamlalamikia. Moshi ule ni mweusi, unakwaruza koo, na una uchachu unaokaa mdomoni kana kwamba umelamba sarafu. Mimi silalamiki. Upepo ukiuleta dirishani kwangu naacha ninachofanya, nakaa kitako, na mara nimerudi Lodwar, msichana wa darasa la tano, nimechuchumaa kando ya jiko la makaa la Mama, namtazama Baba akigeuza waya kwa koleo mpaka uwe mwekundu.

Waya wa shaba ukipita motoni hulainika. Ukishapoa unakubali kuzungushwa kwenye tawi la mti bila kulivunja. Hilo Baba alinifundisha kwa kunionyesha tu, katika mwaka ambao hakunifundisha kitu kingine chochote, kwa sababu mwaka huo alikuwa karibu ameacha kusema na watu.

Kabla ya hapo alikuwa dereva wa lori, tena mtu wa kelele. Alibeba mahindi na mafuta ya msaada kutoka Lodwar kwenda Kakuma, enzi ambazo barabara ile ilikuwa mawe na mchanga mtupu, na magari hayakuthubutu kwenda ila kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma. Akirudi safari tulimsikia kabla hatujamwona. Alipiga honi tangu darajani, na Mama angesema, huku akijifanya amekasirika, "Haya, mwenye mji ameingia." Taniboi wake, msaidizi wake wa garini, aliitwa Esinyen, kijana mrefu mwembamba aliyekula kwetu mara nyingi kuliko alivyokula kwao. Alikuwa na mzaha mmoja tu, kwamba akioa ataniomba mimi niwe shahidi kwa kuwa mimi ndiye mtu pekee anayejua siri zake. Mzaha wenyewe haukuchekesha sana, lakini nilicheka kila mara.

Siku moja gurudumu la lori la Baba lilipasuka, wakabaki nyuma ya msafara. Walipokuwa wakivuka laga, yaani ile mito yetu isiyo na maji ila mchanga, walimiminiwa risasi na watu ambao mpaka leo hatuwajui. Esinyen alikufa palepale kitini. Baba alipigwa begani. Aliendesha lori lile kwa mkono mmoja hadi Kakuma, rafiki yake akiwa amemwegemea.

Hospitalini Kakuma alilazwa jirani na mkimbizi mmoja kutoka Bukavu, mzee wa makamo aliyepasuliwa ngiri. Kila mtu alimwita Papa Juvenali. Huko kwao alikuwa mtunza bustani wa hoteli kando ya ziwa, na Mjapani mmoja aliyekaa pale muda mrefu alimfundisha kulea bonsai. Bonsai ni mti wa kweli, ambao ungeachwa ungepita paa la nyumba, lakini unalelewa kwenye chombo kifupi, unakatwa mizizi na matawi kwa kiasi, mpaka unazeeka ukiwa haujafika magoti ya mtoto. Papa Juvenali alikimbia vita bila chochote, lakini ile elimu ilikuwa mikononi mwake, hakuna aliyeweza kuipora. Pale kambini alikuwa na miti yake kwenye mikebe ya mafuta iliyokatwa, kando ya nyumba yake ya udongo.

Alimtazama Baba usiku na mchana, jinsi alivyolala macho makavu, mdomo umefungwa. Siku Baba aliporuhusiwa kwenda nyumbani alimletea kutoka kambini mche wa mvinje ndani ya mkebe.

"Weye haulalake, na hausemake," alimwambia. "Basi kamata hii. Ni mti ya muntu wa namna yako."

Ndivyo mvinje ulivyoingia kwetu. Baba alirudi Lodwar mkono mmoja umefungwa kitambaa, mwingine umekumbatia mkebe wa mafuta, na hakupiga kelele yoyote.

Mvinje una majani membamba kama nywele, ukiyapekecha yananukia kwa mbali kama kitu kilichooshwa. Papa Juvenali alikuwa amemwelekeza aulee kwa mtindo wa wima kamili. Mtindo huo ni mwepesi kuueleza na mgumu kuutimiza: shina linyooke kutoka udongoni hadi ncha bila kona hata moja, liwe nene chini na lipungue polepole kuelekea juu, mizizi itambae pande zote kama vidole vilivyoshika ardhi, sehemu ya chini ibaki wazi, kisha tawi la kwanza upande huu, la pili upande ule, la tatu nyuma, hivyo hivyo hadi kileleni. Mti mwingine ukipinda utasema ni upepo, ni mwamba, ni uzuri wake. Huu ukipinda umeharibika.

Baba alitoboa karai kuukuu, akahamishia mti humo. Alitengeneza timazi kwa uzi na nati ya lori, akaining'iniza mbele ya shina kila asubuhi, akafumba jicho moja. Aligeuza karai kidogo kila siku ili mti usilifuate jua. Alichoma waya kwenye jiko la Mama, akavuta matawi yalale sawa, akayapunguza kwa mkasi. Siku moja aliniita, nikafikiri amepata la kuniambia. Akaniweka timazi mgongoni, akapima, akatikisa kichwa. "Hata wewe umepinda," akasema. Nilifurahi wiki nzima. Angalau alikuwa amesema nami.

Majirani walitucheka. Mama mmoja wa boma la pili alikuwa akipita, anasalimia "Ejok," kisha anauliza kama mti wetu umeshaanza kutoa maziwa, maana tunaufuga kama mbuzi na mbuzi wenyewe tunawafukuza. Ilikuwa kweli. Baba aliweza kukaa mchana kutwa na kijiti mkononi akiwalinda mbuzi wasiuguse. Lakini hakutoka nje ya ua. Hakwenda sokoni, hakwenda kwa wenzake madereva. Pikipiki ikilipua moshi barabarani alikuwa chini nyuma ya pipa la maji kabla sisi hatujageuka. Siku ya kwenda kuwaona wazazi wa Esinyen alivaa shati jeupe, akafika kwenye lango la miti, akarudi, akavua shati, akaenda kumwagilia mvinje.

Mama aliuza samaki wakavu sokoni, wale wanaoletwa kutoka Kalokol. Nyumba yetu sasa ilisimama juu ya samaki wale. Niliamini anauchukia ule mti. Shangazi yangu alipokuja na kumhimiza amkanye mumewe, ampe maneno makali, amtoe nje akatafute kazi, Mama alijibu huku akipanga mafungu yake: "Samaki mbichi utamkunja. Akishakauka hakunjwi, anavunjika."

Kisha mvua ikakosa, ikakosa tena. Mifereji ya mji ikawa inakohoa hewa. Mama na mimi tulikwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto Turkwel, tukasubiri yajikusanye, tukayateka kwa kikombe, tukarudi na mitungi kichwani. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwa mti. Maji ya kunawia uso yalikwenda kwa mti. Nilikuwa na midomo iliyopasuka, na nilimwona Baba akiacha nusu ya maji yake ya kunywa, akisubiri Mama ageuke, akayamimina karaini. Mama alikuwa ameona. Aliendelea kugeuka.

Hata hivyo majani ya kileleni yakaanza kugeuka rangi, kwanza manjano, halafu kahawia ya chai. Baba akahamisha karai kivulini, akalifunika kwa gunia bichi, akalirudisha. Akaacha kula. Timazi ilining'inia pale kila asubuhi, yeye hafumbi tena jicho, anakaa tu mbele ya mti na mikono imelala mapajani.

Asubuhi moja Mama alifunga karai kwenye leso yake. "Nampelekea Papa Juvenali," akasema. "Baba Nakiru, umesikia? Nampelekea auponye." Baba alilifuata karai kwa macho mpaka langoni.

Tulisafiri na Hassan, Msomali aliyekuwa na lori lake mwenyewe na aliyeendesha msafara mmoja na Baba kwa miaka mingi. Njia nzima Mama alilipakata karai, akilikinga kwa ukingo wa nguo yake dhidi ya vumbi. Nakumbuka niliwaza kwamba ni ajabu kukibeba namna ile kitu usichokipenda.

Papa Juvenali alitupokea kwa chai ya maziwa ya unga. Aliinama juu ya mti, akakwaruza ganda la kilele kwa ukucha, akakwaruza chini kidogo, chini tena, mpaka akaona ukijani. Alikuwa na mkasi wake hapo hapo kwenye kigoda. Nikajua sasa ataushika, amalize kazi, turudi. Mama akanituma nikawaangalie kuku wa jirani. Niliporudi walikuwa wamemaliza kuongea, na Papa Juvenali amerudisha mkasi ndani.

"Sitaugusa," akaniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeomba. "Ni mkono ya baba yako ndiyo imeulea. Akuye yeye mwenyewe."

Nililia kwa hasira. Nilimwambia kwamba Baba hafiki hata sokoni, atafikaje Kakuma? Akanitazama kwa huruma, lakini hakubadilisha neno. Tukaurudisha mti vile vile tulivyouleta, na safari nzima nilimwita yule mzee moyoni kila jina baya nililolijua, la Kiswahili na la Kiturkana. Mama hakusema kitu. Nilidhani naye amekasirika.

Nyumbani alimweleza Baba kwa kifupi. "Amesema uende wewe."

Baba alisema hawezi.

"Basi utakufa," Mama akasema. Kisha akaongeza, "Mti."

Siku chache zikapita. Ukahawia ulikuwa umeshuka hadi tawi la juu. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Baba amevaa lile shati jeupe, ameketi kwenye kigoda. Mama alikuwa ameshaongea na Hassan. "Nakiru ataenda nawe," akasema. Baba akasema mtoto abaki. Mama akanisukuma mbele kidogo, mkono wake ukiwa moto mgongoni mwangu. "Ataenda. Karai ni zito, na bega lako halijapona."

Tuliondoka asubuhi ya siku iliyofuata na msafara. Hassan aliongea peke yake, juu ya bei ya sukari, juu ya ngamia wake, juu ya binti yake anayetaka kuolewa na mtu wa Garissa asiye na meno. Nilikuwa katikati, Baba dirishani, karai mapajani mwake. Baadaye Baba akasema hataki kuitazama barabara, nikahamia dirishani tukabadilishana, halafu akataka tena dirisha, tukabadilishana tena. Hassan hakulalamika. Jasho lilikuwa likimtoka Baba kwenye kidevu, linadondokea majani.

Tulipokaribia laga ile sikuambiwa kwamba ndiyo. Nilijua kwa sababu Hassan alinyamaza. Lori likapunguza mwendo kuingia mchangani, na Baba akaliinua karai akaliweka juu ya mapaja yangu.

"Simama," akamwambia Hassan.

"Ndugu yangu, hapa hatusimami. Wajua hapa hatusimami."

"Hassan, simama nishuke."

"Ushuke uende wapi? Wallahi, ushuke uende wapi?"

Baba alikuwa ameshashika mkono wa mlango. Mlango ukafunguka kidogo, vumbi likaingia, nikaona ardhi ikipita chini. Mimi sikufikiria risasi, wala Esinyen, wala nini kinamvuta Baba kule nje. Nilifikiria karai tu. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, gari linayumba, na udongo ulikuwa unamwagika magotini mwangu.

"Baba, linaniponyoka!" nikapiga kelele. "Baba, shika!"

Akageuka. Akaachia mlango, akalidaka karai kwa mikono yote miwili, bega bovu na bega zima, akalikumbatia pamoja na mikono yangu. Hassan akanyoosha mkono juu ya vichwa vyetu, akaubamiza mlango, akakanyaga mafuta. Tukapanda ukingo wa pili.

Lori likasonga mbele. Halafu Baba akasema, sauti yake ikiwa kama ya mtu anayezungumza usingizini, "Esinyen alikuwa ameketi hapo ulipoketi." Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja jina hilo tangu msiba. Akaanza kulia, akalia mpaka tulipoiona milima ya Pelekech, karibu na Kakuma, na Hassan naye analia huku akiendesha, akijipangusa kwa kilemba, akituapia kwamba ni vumbi.

Papa Juvenali alikuwa amesimama nje ya nyumba yake. Hakusema pole, hakusema karibu. Alimpa Baba mkasi.

"Kichwa imekufa," akasema. "Ukate pale penye ungali mubichi."

"Nikikata kilele, utakuwa wima tena?"

"Hapana. Ile tulikuwa tunatafuta imeisha. Lakini utaishi."

Baba alikaa na mkasi muda wa kutosha chai kupoa. Kisha akakata. Kile kipande kilianguka kwenye vumbi, chepesi, kama unyoya wa kuku. Papa Juvenali akamwonyesha jinsi ya kuvuta tawi la pembeni lipande juu, lishike nafasi ya kilele, na jinsi kidonda kitakavyofungwa na ganda kwa miaka. Vichwa vyao viwili viliinama pamoja juu ya karai, na Baba alikuwa anauliza maswali. Nilisikia sauti yake nikashtuka, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kwamba ilikuwa nzito hivyo.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo alipona. Hakupona namna hiyo. Hakuendesha lori tena maisha yake yote. Lakini juma lililofuata alikwenda kwa wazazi wa Esinyen, akalala huko, akarudi na macho mekundu. Akaanza kwenda Kakuma mara kwa mara na Hassan, akasaidiana na Papa Juvenali kwenye kitalu cha miche kambini, mpaka mzee yule na watu wake walipochukuliwa kupelekwa nchi ya baridi, akamwachia Baba mikebe yote. Ule mvinje uliishi miaka kadhaa, umepinda karibu na juu, kisha mchwa wakauingia mizizi. Baba aliutupa, akapanda mwingine. Yu hai hadi leo, mzee mpole. Bado haketi akiupa mlango mgongo.

Mambo mengine niliyajua nikiwa nimeshaolewa. Nilikuwa nimeenda Lodwar kumtembelea Mama, tunachambua samaki uani, nikaanza kumlaumu Papa Juvenali kwa mzaha, kwamba alikuwa mzee mkatili, angeweza kukata kile kilele siku ya kwanza akatuokoa na safari. Mama hakucheka.

"Alitaka kukata," akasema. "Mimi ndiye niliyemzuia."

Akaniambia polepole, huku mikono yake ikiendelea na kazi. Mwaka ule, kila akirudi kutoka sokoni, alikuwa akisimama kwanza nje ya ua na kapu kichwani, anasikiliza. Mimi nilikuwa nikimwona, nikadhani anapumzisha shingo. Alikuwa akisikiliza mkasi. Akiusikia unalia kwenye mti alijua mumewe bado yupo, anaingia. Hakuuchukia ule mti hata siku moja. Siku ulipoanza kukauka ndipo alipoogopa kweli, kwa kuwa aliona kwamba yule mtu amening'inia kwenye kitu chembamba mno, na kwamba ukiponywa leo utakauka kesho, na yeye bado atakuwa ndani ya ua. Ndipo akamwomba Papa Juvenali amwite.

"Na kwa nini mimi?" nikauliza. "Ungeenda naye wewe. Au Hassan peke yake angetosha."

"Mimi angenisukuma. Hassan angeshindwa naye kwa maneno. Nilijua atataka kushuka pale." Akaweka samaki chini. "Sikujua kama angemwacha mtoto garini. Nilikisia hapana."

"Na kama tungepigwa risasi?"

Mama alijipangusa mikono. Akasema siku ile hakwenda sokoni. Alikaa kando ya barabara ya Kakuma, mchangani, jua la Lodwar likimpiga utosini, tangu tulipoondoka mpaka Hassan alipopata mtu wa kumletea habari kwamba tumefika. Watu walimletea maji, akakataa. Alikuwa amemtuma mume wake na mtoto wake kwenye barabara moja, gari moja, siku moja.

"Nilikuwa naona nitawakosa wote wawili," akasema, "au nitawapata wote wawili. Kubaki na mmoja tu nilikuwa nimechoka."

Binti yangu alikuwa akicheza pale uani, wakati huo ana umri niliokuwa nao mimi mwaka ule, anamfukuza jogoo na kumcheka. Nilimtazama muda mrefu. Nilijaribu kujiuliza kama ningeweza kuuweka mkono wangu mgongoni mwake, nikamsukuma mbele, hata kama ni kidogo tu. Mama alikuwa ameshainamia tena samaki wake.